Kiwanda cha Viatu

Mlangoni tunavua viatu,
katika jengo lililoshona viatu miaka themanini.
Jashvantiben hucheka kila Jumanne, kana kwamba mzaha ni mpya:
"Wazungu walishona, sisi tunavua."
Kisha ananyoosha miguu nimvue soksi,
wa kushoto umevimba, wa kulia umesinyaa,
nami napiga goti kwenye sakafu ya Wellingborough
ambayo, mvua ikinyesha, bado hunuka ngozi na gundi.

Nalipwa kwa saa kumsukuma.
Niliseme mapema, nisije nikaonekana mchamungu.
Mimi nimekulia Korogwe, chuoni,
nikichapwa henzirani nikikosea irabu.
Hapa nasimama nyuma, karibu na kipasha joto,
na koti lake na mkoba wa dawa.

Mbele, Mama Khodiyar amesimama juu ya mamba.
Mamba ni wa plasta, jicho moja limebanduka rangi.
Mama kavishwa hariri nyekundu, kipini puani,
mkononi mkuki wa ncha tatu.
Watoto humpapasa mamba meno.

Jashvantiben alizaliwa Bukoba, nyuma ya duka la kanga;
mamba wa kweli aliwaona, mtoni Kagera.
Kigujarati kinamtoka siku hizi kama uzi kwenye pindo,
Kiingereza kilishakwenda,
kimebaki Kiswahili cha kaunta, cha ratli na pishi,
na kwa hicho hicho hunisimulia:

"Sikiliza wewe. Dada saba, kaka mmoja tu.
Nyoka akamgonga kaka.
Mganga akasema, dawa iko chini, kwa wafalme wa nyoka,
chini ya maji, na jua likitoka kabla yako, basi tena.
Wakubwa wakatazamana.
Akaenda mdogo, Janbai.
Akazama. Akaipata, mtungi mzima wa uhai.
Kurudi, mguu ukagonga jiwe, paa!
Akawa anachechemea, na kunakucha.
Ndipo akampanda mamba."

Hapo hunyamaza, atafute leso.
"Aliwahi?" nauliza, ingawa najua.
"Aliwahi. Dada yake akamwona kwa mbali,
akasema, mbona huyu kiwete?
Jina likamganda.
Tunamwita Kiwete, na hakasiriki."

Kengele. Dilipbhai, dereva wa basi mstaafu,
anazungusha taa tano za samli,
kwa mkono ule ule uliozungusha usukani.
Sinia linapita; watu wanakinga joto la moto
kwa viganja, wanajipaka utosini.
Linanifikia. Nalipisha.
Nazi zinapasuliwa nje, kwenye ngazi,
kwa kuwa kamati imechoka kukarabati vigae.

Nilikuwa na kaka, Shekue.
Fedha za hospitali nilizituma Ijumaa jioni.
Zililala benki Jumamosi, zikalala Jumapili.
Jumatatu simu ikaniambia: zimepokelewa.
Sijamwambia Jashvantiben.
Nimewahi kumwambia mamba,
siku moja nikipangusa vumbi, ukumbi ukiwa mtupu,
nikiliangalia lile jicho lisilo rangi.

Kuondoka, tunapewa lapsi kwenye bakuli la karatasi,
ngano ya kupondwa, sukari guru, samli hadi vidoleni.
Jashvantiben hula nusu.
Nusu hunilisha mwenyewe, kwa nguvu,
kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

Jumanne hii, rafuni, kiatu changu cha kushoto hakipo.
Mtu kaondoka nacho, kaacha chake,
namba mbili zaidi, kisigino kimelika upande.
Nikakivaa. Nifanyeje?
Nikamsukuma kuelekea barabara ya stesheni,
kiatu kikipwaya, kikipiga lami, pwa, pwa,
naye akageuka kitini akanitazama miguu.

"Unachelewa," akasema.
Taa ya kivuko ilikuwa nyekundu.
Tukasimama, tukingoja,
hakuna gari hata moja lililopita.