Skrini Imenuna

Saa nane na dakika kumi usiku, Mabela,
mwezi wa Agosti, kiyoyozi kinakoroma kama mgeni aliyeshiba,
nami nimebakiza mstari mmoja tu
katika faili la pampu za maji za Barka:
pampu ya nne ipumzike saa tisa,
ya tano ishike zamu.

Kidole kina mazoea yake, wala hakiombi ruhusa.
Kwenye kompyuta ya ofisini, ile ya madirisha na rangirangi,
Kontrol na S ni kuhifadhi.
Humu, katika terminali nyeusi, nikabofya hiyo hiyo
na skrini ikanuna.

Mshale wa chini. Kimya.
Wa juu. Kimya.
Eskepu mara tatu, kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba ambayo taa zinawaka.
Kishale hakipepesi.
Nikadhani ni lugha, labda kibodi imerukia Kiarabu
kama wiki iliyopita, h ikawa alif, j ikawa te,
kila amri ikaniuliza mimi ni nani.
Nikatazama pembeni: hapana, herufi ni zile zile.
Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka.
Nikaandika, kwa hasira, kwa lugha ya nyumbani,
jamani
kisha nikaikandamiza j mpaka ukucha ukauma.

Nikampigia Biju. Usiku ule, na ana mtoto mchanga.
"Hujaharibu kitu," akasema,
Kiarabu chake cha Kerala kikiburuta ndala.
"Umeiambia inyamaze, imenyamaza. Bofya Kontrol na Q."

Q!
Kiarabu kinayo, ndani kooni kabisa;
Kiswahili hakikuipa hata kiti cha mgeni.
Nikabofya.

Yakaja yote kwa mpigo.
Kumbe haikulala, haikukwama;
ilisikia kila kitu na kutenda kila kitu, gizani,
ila ilikatazwa kuonyesha.
J ya jamani ilishuka mstari mmoja,
a ikafungua mlango wa kuandika,
na "mani" ikajikalia katikati ya pampu ya nne,
nyuma yake foleni ya j, mia na ushei,
hadi ukingoni mwa skrini.

Nikacheka peke yangu.
Ndipo nikamsikia Bi Thuwaiba, chumba cha pili.

Mama mdogo wa mama yangu.
Alishuka Maskati mwaka wa sabini na mbili na masanduku mawili,
akaambiwa na jirani, kwa wema, mbele ya wanawe:
hapa tuseme Kiarabu, watoto wasije wakachekwa.
Basi. Miaka hamsini.
Hata kuhesabu vijiko, wahid, ithnein.
Sisi tukajua kimemtoka.

Tangu Shaabani ni Kiarabu kinachomponyoka,
na usiku anasema:
anadai chenji ya muhogo Darajani,
anamwita Mwanakheri arudishe mbuzi ya kukunia nazi,
anamtolea mtu wa Kikwajuni tusi
ambalo sikuwahi kulisikia, nikaliandika
nyuma ya risiti ya petroli.
Hasiti. Hatafuti neno.

"Imekubali?" Biju bado yuko kwenye simu,
mtoto wake keshaamka.
Imekubali, nikasema. Samahani. Lala.

Eskepu. Kisha u, mara moja,
na j zote zikaondoka na mani yao.
Nukta mbili, w. Imeandikwa.
Huko Barka saa tisa ikifika
pampu moja itanyamaza na nyingine itaunguruma
na hakuna atakayejua, inshallah.

Nikaenda kumfunika. Alikuwa amekaa kitandani,
mkono umenyooshwa kama mwenye deni lake.
"Mbuzi iko wapi?"
"Kwa Mwanakheri," nikasema. "Nitaifuata kesho."
Akanitazama kwa muda.
"Kesho," akasema, "utasema kesho tena.
Mpitie leo, njia ni ile ile,
ukivuka Mkunazini shika mkono wa kushoto."