Mlango wa Ishirini

Saa nane na robo usiku, Shimanzi,
stima imekatika bila kuaga.
Jenereta limekohoa mara mbili, likanyamaza:
diseli, sasa nakumbuka, ilinunuliwa kwa maneno.
Betri za akiba zinalia tii, tii, tii,
nami nina dakika kumi na moja
za kumlaza bwana huyu wa chuma taratibu
asije akaanguka na barua zetu mikononi.

Namlaza.
Feni zapungua, zapungua, basi.
Chumba chanuka vumbi la moto na chumvi.
Chumvi ya mji huu haina adabu,
huingia hadi kwenye tundu za kebo,
huota kijani juu ya shaba
kama ukoga kwenye jino.

Dzombo wa getini anamulika tochi:
"Sasa hizo barua zitakwenda wapi?"
Nacheka, maana hilo ndilo swali
ambalo bosi hajaniuliza, mwaka wa tatu huu,
kila nimpelekeapo bajeti.

Sikiliza, Dzombo.
Barua haiji huku kwa kubahatisha.
Ikitoka Mundra, ikitoka Jebel Ali,
huuliza kwanza: hawa watu wana milango mingapi?
Jibu limeandikwa mbali, si kwetu:
mlango wa kumi, Shimanzi;
mlango wa ishirini, Voi.
Hubisha wa kumi. Hodi. Hodi.
Isipoitikiwa haisusi, hairudi kwao kununa.
Yapanda bara hadi Voi,
chumba cha nyuma ya ghala la saruji,
ambako Mghoi ameweka seva ndogo juu ya kreti za soda
na kuziba dirisha kwa kanga ya mamake
vumbi jekundu lisipite.

Na hata Voi nako kukilala,
barua ina subira kutushinda:
hukaa foleni kwa aliyeituma,
hujaribu baada ya robo saa, tena, tena,
siku tano.
Kuna wachumba hawakunisubiri hivyo.

Aliyenifunza haya ni Athman Shekue,
aliyefunga mitambo hii kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika kahawa tungu.
"Akiba usiyoijaribu," akisema, "ni deni."
Kila Jumanne adhuhuri alichomoa waya makusudi,
ofisi nzima ikapiga kelele,
Bi Hansa wa hesabu akamlaani kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili,
na kabla hajafika kwenye wazazi
ankara yake ikaingia. Kupitia Voi.

Simu yangu yawaka. Emojong, Malaba:
"Malori saba yamesimama. Iko wapi hati ya sukari?"
Namwambia, fungua kwa njia ya Voi.
Kimya. Nahesabu mbu. Wawili, watatu.
"Imefika. Mko na stima huko?"
Ninamjibu tu, safari njema.
Niko gizani, shati limeganda mgongoni,
lakini kazi yetu ikifana haionekani,
na dereva wa lori la kwanza
hatajua kamwe kuna mtu aitwaye Mghoi.

Shekue aliacha kitu kimoja kisicho kwenye daftari.
Kila usiku, saa tisa kamili,
Voi huiandikia Shimanzi neno moja:
Upo?
Na Shimanzi hujibu: Nipo.
Ikikosa jibu, neno huja kwenye simu ya mwenye zamu.
Yeye tumemzika Kikowani, mwaka wa pili sasa,
na bado Upo? yake yapita Maungu, Taru, Mariakani,
wala sijapata moyo wa kuizima.

Leo wa kujibu amelala, nimemlaza mwenyewe.
Saa tisa.
Simu yatetemeka kiganjani.
Naandika kwa kidole gumba chenye grisi, herufi nne.

"Nani huyo usiku huu?" Dzombo auliza.
"Kazi."
Anatikisa dumu. Tupu.
Tunafunga geti, twende Changamwe
tukamwamshe mwenye diseli.