Balbu ya Shilingi Hamsini

Amefika akisukumwa na vijana wanne
kutoka njia panda ya Lurambi,
Pijo 504 ya rangi ya maziwa yaliyochacha,
mikono kwenye usukani, kofia kichwani,
kana kwamba ndiye anayeliendesha.

"Betri," akaniambia kabla ya salamu.
"Ya tatu tangu Januari. Wauzaji wa siku hizi ni wezi."
Mwalimu Shitandi, aliyenicharaza darasa la nne
kwa kuuliza mbona saba mara sifuri isibaki saba.
Hakunikumbuka.
Mimi nilimkumbuka kwa viganja.

Kando yake mama Khasandi, mkoba mapajani,
kuku wawili miguuni, kimya.

Nikafungua boneti.
Mita yangu haina adabu, haijui nani mwalimu:
waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi,
kumi na moja nukta nne.
Betri ina njaa, haina ugonjwa.
Nikaikopesha nguvu ya betri yangu,
injini ikakohoa, ikanguruma.
Nikachomoa nyaya zangu, nikapima tena,
nikitarajia kumi na nne.
Kumi na mbili.
Kumi na moja nukta tisa. Inashuka
kama mshahara baada ya tarehe tano.

Nikazima, nikaanza kuuliza kimoja kimoja.
Mkanda: umekaza.
Kaboni: ndefu bado, kama penseli
ya mtoto asiyependa kuandika.
Waya wa ardhi una kutu kidogo; nikausugua kwa msasa,
haukubadilisha neno.

Kila kitu kizima, na hakuna kinachofanya kazi.
Basi nikamwomba anipishe kitini,
nikageuza ufunguo nusu, nikatazama.
Taa ya oili, ikawaka. Breki ya mkono, ikawaka.
Pale palipochorwa kijibetri,
giza.

Watu huiogopa taa nyekundu ikiwaka.
Mimi huiogopa zaidi
ufunguo ukigeuka nayo isiseme kitu.

"Ile ilikuwa inanisumbua macho," akasema mwalimu.
"Nikamwambia kijana mmoja wa Shinyalu aing'oe."

Sikujua nimweleze vipi mtu wa chaki:
kwamba kwa magari ya umri huu
ule umeme mchache unaopenya kwenye balbu
ndio unaokwenda kuigusa altaneta bega,
amka, kumekucha.
Bila mguso huo altaneta huzunguka tu,
buheri wa afya, Kakamega hadi Mumias na kurudi,
wala haitoi hata cheche.
Kwamba anayelalamika ndiye anayeamsha.

Nikasema tu, "Balbu ni shilingi hamsini."

Akacheka kwa pua. Kisha akanyamaza,
nikaona midomo yake ikizidisha
bei ya betri mara tatu.

Wekhomba akatimka dukani, akarudi nayo
imefungwa kwenye kipande cha gazeti,
ndogo kama punje ya mahindi.
Nikalala chali chini ya dashibodi,
vumbi la miaka likaniingia machoni,
nikaisukuma kwenye tundu lake hadi ikasema *tik*.

Mwalimu akarudi kitini. Ufunguo.
Ikawaka, nyekundu, bila haya.
Tukaliazima tena nguvu, likanguruma.
"Kanyaga mafuta kidogo, mwalimu."
Akakanyaga. Taa ikafifia, ikazimika,
safari hii kwa kuwa imejibiwa.
Nikachomoa nyaya.
Kumi na nne nukta moja.

Ndipo mama Khasandi akafungua kinywa,
taratibu, kama afunguaye droo iliyokwama:
"Shitandi, lile paa la jikoni linavuja.
Nilikuambia mwezi wa nne."

Mwalimu hakugeuka.
Lakini mguu wake ukatoka kwenye mafuta,
injini ikashuka sauti,
na tukasikia wote watatu, na kuku,
jinsi alivyochukua muda.

"Upande gani?" akauliza.

Nikafunga boneti polepole,
nisije nikawakatiza.