Zamu Yangu Kutembezwa

Miaka ishirini na miwili nimetembeza watu Ujiji:
"Huku, tafadhali. Angalia ngazi. Hapa ndipo."
Najua pa kushusha sauti.
Najua duka la shemeji lilipo, njiani, kama kwa bahati.

Mama mmoja wa Pune, niliyemwonyesha mawese yanavyokamuliwa,
aliniandikia: Sasa zamu yako, Bwana Kitenge.
Tiketi ndani ya bahasha. Mwavua aliisoma mara tatu,
akaepua migebuka, akakaa chini.

India si nchi, jamani, ni foleni ya nchi.
Tulilala garimoshini katika lugha moja
tukaamka katika nyingine, na chai imebadilika rangi,
kama mtu aliyetoka Tabora na dumu la asali
akashtukia Uvinza, chumvi inauzwa dirishani.

Raghunath alinishika siku kumi na moja.
Mwavuli mweusi, raba za kitambaa,
na mgeni mmoja tu: mimi.
"Huku, tafadhali. Angalia ngazi."
Nikacheka moyoni. Aliposhusha sauti
mbele ya kaburi la mfalme nilihesabu, moja, mbili,
nikajua hapo ndipo wenzangu hulia.
Duka la mazulia? La binamu yake.
Nilinunua. Heshima ya kazi.

Stesheni mchukuzi alipaza sauti, "Gari! Gari!"
nikageuka kama niliyeitwa kwa jina.
Pesa, laki, bangili:
maneno ya jikoni kwa mama
kumbe yana ndugu huku, na hayakutuambia.

Siku ya tisa, Benares, Raghunath alisimama
pasipo kaburi wala mfalme.
Uchochoro. Mlango wa buluu. Ng'ombe amelala.
"Hapa mama yangu alifua nguo za watu," akasema,
na sentensi ya pili hakuwa nayo.
Mwavuli aliukunja, akaukunjua, jua likiwa lilelile.

Nimerudi.
Jana nilikuwa na Mjerumani na mkewe.
Mnara tumeuona, tarehe nimezitaja zote.
Kisha miguu ikakata kushoto, hadi mlangoni kwa bibi
aliyevushwa ziwa ana miaka sita,
wala hakuna aliyemwambia tafadhali,
wala hakuna aliyemwambia angalia ngazi.

Nikafungua mdomo.
Yule mama akangoja. Mumewe akashusha kamera.
Ndani mtu alikuwa anatwanga kisamvu.