Zamu ya Maji

Pale Birkat al-Mauz askari aliinama,
akahakikisha gari linavuta kwa magurudumu yote manne,
akatupungia mkono. Hilali akaukwea mlima kwa gia ya pili;
masikio yangu yakaziba, yakazibuka, yakaziba tena.

Juu kuna kibaraza cha kioo
na foleni ya watu wanaongoja kupigwa picha.
Chini yao kijani kimepangwa ngazi kwa ngazi
kama doti za kanga kwenye rafu ya duka.

"Mpunga?" nikauliza.
Mimi mtu wa Pemba. Nikiona kijani bondeni
moyo husema mpunga kwanza, mengine baadaye.
Hilali akacheka hadi akashika usukani kwa viwiko.
"Thomu, dada. Thomu na shayiri.
Waridi bado, mpaka mwezi wa nne."

Hatukuingia foleni.
Tulishuka nyuma ya msikiti kwa njia ya punda,
mawe yake yamelika katikati kama sabuni.
Baada ya kona ya tatu sauti za juu zilikatika
na tukaanza kuyasikia maji kabla ya kuyaona.

Bi Thuwaiba alikuwa na jembe la mkono mfupi
na redio isiyoshika stesheni.
Alinisikia nikimlalamikia Hilali magoti.
"Wewe wa wapi?"
Kwa Kiswahili! Kikavu kidogo, kama mkate wa jana,
lakini mkate.
Kazaliwa Unguja, kaletwa huku ana miaka tisa,
na jambo la kwanza aliloniomba
ni jina la kile cha kupepetea mchele.
"Ungo," nikamwambia.
"Ungo!" Akalitia kinywani, akalizungusha,
miaka sitini amelitafuta.

Zamu yake ni athari moja.
Huku athari ni nusu saa ya maji ya falaji,
mtu huirithi, huiuza, huigombea mahakamani.
Zamani waliipima kwa kivuli cha kijiti;
leo kwa simu ya mwanawe, inayowika kama jogoo.

Nilipewa tambara na jiwe nizibe mlango wa mfereji.
Nikaziba siko.
"We! Unamgaia Mahfudhi maji yangu!"
Nikachutama, nikatumbukiza mikono hadi viwiko,
baridi ikaniuma mpaka kwenye meno.

Mimi muuguzi, Nizwa. Nilivyoyaona maji yale
ni daktari anayepita wodi:
kitanda hiki, kitanda kile, agusa paji, aenda zake.
Kwetu mpunga na maji hulala chumba kimoja.

Ngazi ya chini alikuwepo Mofizul, wa Bangladeshi,
mwaka wa sita sasa akijenga upya kuta zinazobomoka.
Kiarabu chake na changu
vilikutana kwenye maneno kama kumi,
na mpunga haukuwemo.
Basi nikamwonyesha. Nikainama,
mkono wa kushoto umeshika fungu la miche isiyokuwepo,
wa kulia ukachomoa mmoja,
kidole gumba kikausukuma kwenye tope.
Hatua moja nyuma. Mwingine.

Aliweka nyundo chini.
Akapandisha msuli wake juu ya magoti,
akaja kando yangu, akaanza safu yake.
Alikuwa mwepesi kunishinda, na mistari yake imenyooka;
akaniona nimekosea nafasi, akanirekebisha kwa shubiri.
Tukaatika, tukirudi nyuma, pembezoni mwa thomu ya watu,
Bi Thuwaiba akituuliza kama jua limetupiga,
kisha asiulize tena.

Simu ikawika.
Jiwe likahamishwa, maji yakageuka kwenda kwa Mahfudhi,
na udongo ukabaki ukimetameta, ukinywa.

Tulipanda kurudi. Mofizul alitusindikiza hadi ukutani,
na sote wawili, bila kuambizana,
tulizunguka kwa mbali kidogo
tusije tukapakanyaga.