Ukingo

Wingu nililolisomea halinyeshi.
Limefungiwa kwenye ghala lisilo na dirisha
nje ya London, nyuma ya seng'enge,
linapepewa na mafeni usiku na mchana
kama mgonjwa wa homa asiyepona.

Wingu jingine, hili la Cumbria,
limelalia vilima tangu Jumanne
na hakuna aliyeliuliza anwani.

Nimekuja na kisanduku, ukubwa wa boflo,
ubongo mdogo, kumbukumbu haba,
nikakipigilia misumari kwenye boriti
bandani mwa kondoo wa Bi Dorcas Braithwaite,
hatua sitini kutoka Mto Eden.
Waya mmoja unateremka hadi nguzo kando ya maji.
Kazi yake kuhesabu sentimita,
na mto ukivuka alama, kupiga king'ora
bila kungoja ruhusa ya London.

Hilo la ruhusa ndilo utafiti wangu.
Mwaka wa tatu huu nauliza swali moja:
uamuzi ukae wapi?
Kule kwenye mashine elfu, akili ya kukodi kwa saa,
au hapa, penye mbolea na matope,
na mtandao unaokatika upepo ukikohoa?

Kwetu Pangani swali hili lilijibiwa zamani:
fimbo ya mbali haiui nyoka.
Nililiandika sura ya kwanza, mstari wa kwanza.
Profesa Lonsdale akalizungushia wino mwekundu:
Chanzo? Mwaka? Ukurasa?
Nikajaza: bibi zangu, bila tarehe.
Akacheka, akasema basi tupime.

Tukapima.
Milisekunde sitini na nne kwenda winguni na kurudi.
Bandani, tatu.
Jedwali likapendeza hata nikalipiga picha.

Ndipo ukaja usiku ule wa Novemba.
Mnara wa simu ulinyamaza saa tano,
kisanduku kikabaki peke yake
kama mtoto aliyeachiwa funguo.
Saa nane kikaamua.
King'ora kililia bonde zima.
Bi Braithwaite, miaka sabini na mmoja,
akatoka na koti juu ya nguo ya kulalia,
tochi kaing'ata kwa meno,
akaswaga kondoo arobaini na wawili
hadi malisho ya juu, gizani, mvuani.

Kulipokucha mto ulikuwa palepale, umenywea.
Kwenye nguzo, manyoya.
Kondoo jike mmoja alikuwa amejikuna mgongo
hata kihisi kikainama,
kikatazama nyasi, kikadhani ni maji.

Nilipanda basi kwenda kuomba radhi.
Maneno niliyapanga njia nzima, kwa Kiingereza cha adabu.
Nikamkuta anakaanga mayai.
"Mwaka wa mafuriko," akasema bila kugeuka,
"walinipigia simu kutoka Leeds.
Walikuwa na uhakika wote, na ramani, na rangi.
Maji yalikuwa kwenye kidato cha tatu cha ngazi."
Akanisukumia sahani.
"Hiki chako kimekosea.
Ila kimekosea mapema."

Nimerudi kwenye jedwali.
Safu ya makosa: moja.
Safu ya mapema sina,
na wahakiki wa jarida hawatakula mayai yale.
Lonsdale anasema tukio hili liingie tanbihi, herufi ndogo.

Ukingo, katika fani yetu, ni pale mtandao unapokwisha.
Kwa Bi Braithwaite ni pale mto unapoanza.
Nimechelewa kugundua kuwa ni mahali pamoja,
na kwamba mtu analala hapo.

Leo nimezungushia nguzo uzio, nimekaza skrubu,
nimewasha upya.
Taa ya kijani, taa ya kijani.
Dalili ya mvua ni mawingu, nami ninayo mawili,
lakini siangalii hata moja.
Namwangalia yule kondoo.
Naye kasimama mlangoni mwa banda,
anatafuna, ananipima,
anaegemeza ubavu polepole
kwenye boriti ya kisanduku changu.