Mwaa Mmoja

Saa nne usiku, Chake. Umeme umekatika,
jenereta linakohoa nyuma ya maabara.
Nainua sahani kwenye taa:
visahani sita vya karatasi, kila kimoja na dawa yake,
na kila kimoja kingestahili kuzungukwa na duara tupu.
Naona ukoga, umeota hadi ukingoni mwa karatasi
kama nyasi mlangoni mwa nyumba iliyohamwa.
Kibandiko kinasema: Shaame, miaka minne, Konde. Mkojo.

Kwenye kompyuta ya Khatib ipo picha ya mtenda kazi:
protini, imejikunja.
Vitabu vina majina yake. Mimi, mtoto wa Bi Mize,
naona kamba za usumba zilizosokotwa,
naona kili tano zimelala ubavu kwa ubavu,
zimeshonwa zikawa mkeka.

Kando ya mkeka kuna mfuko mdogo.
Humo serini inangoja, mkono umenyooshwa.
Dawa huingia na pete yake ya pembe nne,
na pete hiyo ndiyo ukali wake wote.
Serini huidaka. Pete hukatika.
Kisha maji, chembe moja tu,
huuosha mkono,
nao u tayari kwa mgeni mwingine.
Kabla sijapepesa jicho umeshapokea mia.

Hilo nilikuwa nikilijua.
Lililonikalisha ni Khatib kuilaza ya zamani juu ya mpya:
zikalingana ukili kwa ukili
isipokuwa mahali pamoja.
Mwaa mmoja umetoka, umetiwa mwingine mfupi,
na mfuko umetanuka
hata kuzimeza dawa tulizoziweka kwa siku ya shida.

Mama aliwahi kunifumulia ukili mzima
kwa mwaa mmoja nilioukosea.
"Utauona," alisema, "mkeka ukishatandikwa."

Duka la Mbarouk, pale Konde:
amoksilini mbili mbili, ndani ya kipande cha gazeti.
Huyo ni rahisi kumlaumu.
Lakini mwaka juzi jino lilinitesa,
nikapewa vidonge vya siku saba.
Siku ya tatu nililala usingizi.
Vilivyobaki nikavitia kwenye kopo la majani ya chai,
akija jirani, nampa.

Mama yake Shaame ni jirani.

Nachukua kalamu. Sugu. Sugu. Sugu.
Sugu.
Sugu.
Kwenye cha sita kuna duara,
jembamba kama ukingo wa kucha.
Naweka rula. Nahesabu milimita.
Nafuta miwani, nahesabu upya.